Ubongo, "sisi" na "wao": maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ushirikiano na ugomvi

Kwa muda sasa nimekuwa nikizungumza kuhusu ubongo na maisha ya jamii mbele ya walimu, vijana wa vijiweni, wanakikoba na viongozi wa dini. Mahali hubadilika, lakini maswali hubaki yale yale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yangu. Pale ambapo wanasayansi wenyewe bado wanabishana, nimesema hivyo waziwazi.

Sayansi hii inashughulika na nini hasa?

Inachunguza kinachotokea kwenye ubongo na homoni pale mtu anapokuwa na mtu mwenzake: anapomwamini, anapomkopesha, anapomwonea huruma, anapomwogopa, anapomwadhibu. Wanasaikolojia wameuliza maswali hayo miaka mingi kwa kutazama matendo ya watu na kuwasikiliza. Kilichoongezeka tangu miaka ya 1990 ni mashine zinazomruhusu mtafiti kutazama ubongo wa mtu mzima, mwenye akili zake timamu, wakati ule ule anapoamua jambo linalomhusu mwingine.

Mimi nilivutwa na fani hii kwa sababu moja. Kila ugomvi wa makundi unapozuka, yupo mtu atakayesema, "Binadamu ndivyo alivyoumbwa." Kauli hiyo huniumiza, kwa sababu huwafunga watu mikono. Tafiti nilizosoma zinaonyesha kuwa ubongo huchora mstari kati ya "sisi" na "wao" haraka sana, tena kwa sababu ndogo sana, na kwamba mstari huo husogea.

Mnajuaje kinachotokea ndani ya kichwa cha mtu aliye hai?

Mashine inayotumika zaidi ni MRI, ile ile ya hospitalini, ila imepangwa kufuatilia damu. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi zaidi, damu yenye oksijeni huelekea huko, na sumaku ya mashine huitambua baada ya sekunde chache. Mshiriki hulala chali ndani ya bomba lenye kelele, kichwa hakitikisiki, huku akicheza mchezo kupitia skrini na vitufe. Rangi nyekundu na manjano unazoziona kwenye picha magazetini ubongo hauna. Kompyuta ndiyo huziweka kuonyesha wapi kuna tofauti kati ya hali mbili zinazolinganishwa. Kwa hiyo nikiandika kwamba sehemu fulani "iliamka", maana yangu ni hiyo tu.

Sehemu moja ya ubongo pia hufanya kazi nyingi. Ukiona moshi juu ya paa la jikoni utajua kuna moto, lakini moshi haukuambii kama kinachopikwa ni ugali au wali.

Kushirikiana kunaleta raha yenyewe, au watu hutafuta faida tu?

Mwaka 2002 James Rilling na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, walichapisha utafiti wa wanawake 36. Wawili wawili walicheza bila kuonana, mmoja akiwa ndani ya mashine. Kila raundi, kila mmoja huchagua kushirikiana au kumgeuka mwenzake. Wakishirikiana wote, wanapata kiasi kizuri. Mmoja akigeuka wakati mwenzake ameshirikiana, mgeukaji huondoka na fungu kubwa na mwenzake hubaki mikono mitupu. Wakigeukana wote, wanaambulia kidogo. Kwa hesabu kavu ya raundi moja, kugeuka kunalipa.

Hata hivyo matokeo yaliyojitokeza mara nyingi zaidi yalikuwa ya wote wawili kushirikiana. Hapo ndipo iliamka striatamu, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika pia na chakula kitamu na pesa. Walipoambiwa wanacheza na kompyuta, itikio halikuwa lile lile. Sehemu ya malipo, basi, ilitoka kwenye kujua kwamba kuna mtu aliyekuamini nawe hukumwangusha. Aliyewahi kuchimba mfereji wa maji kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kule Upare anaijua raha hiyo bila kuingia kwenye mashine yoyote.

Kwa nini mtu akipunjwa husema "kaa nacho" hata kama anakihitaji?

Kiswahili kina neno la tendo hili: kususa. Wanauchumi walichukua muda kulikubali, kwa sababu kwa hesabu zao shilingi moja ni bora kuliko sifuri.

Mwaka 1982 huko Cologne, Ujerumani, Werner Güth na wenzake walibuni mchezo mwepesi. Mtu wa kwanza hupewa fedha na kuambiwa agawane na wa pili kwa namna anayotaka. Wa pili akikubali, kila mmoja anachukua chake. Akikataa, wote wanakosa. Mtu aliyepewa dola 10 akikupa 2 na kubaki na 8, watu wengi hususa, na wote wawili huondoka bila kitu.

Mwaka 2003 Alan Sanfey na wenzake wa Princeton waliwaweka watu 19 kwenye MRI wakiwa upande wa anayepokea. Ofa ya kipunjaji iliamsha insula, sehemu inayoamka pia mtu anapoonja au kunusa kitu kinachomtia kichefuchefu. Insula ilivyozidi kuamka, ndivyo mtu alivyoelekea kukataa. Ofa hiyo hiyo ikitoka kwa kompyuta, watu waliikubali zaidi. Kupunjwa na mtu ndiko kulikouma. Sisi husema tabia fulani "inatia kinyaa" hata kama hakuna uchafu wowote mahali pale, na nadhani lugha yetu iliona kitu cha kweli mapema.

Utafiti mwingine wa mwaka 2006, uliofanyika Zurich na Daria Knoch na wenzake, unanirudia kichwani mara kwa mara. Walitumia sumaku kupunguza kwa muda mfupi utendaji wa sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kulia, nyuma ya paji la uso. Washiriki walipoulizwa kama ofa ni ya haki, walijibu kuwa si ya haki, sawa na watu wengine. Lakini walizipokea zaidi. Walijua wanapunjwa, ila nguvu ya kuukataa mkono wenye pesa ilikuwa imepungua. Kujua haki na kuisimamia ni kazi mbili ndani ya kichwa kimoja.

Tafiti hizi si za wanafunzi wa vyuo vya Ulaya na Marekani tu?

Nyingi ndiyo, na huo ni udhaifu mkubwa. Kwa kuwa kulikuwa na wasiwasi huo, kundi la wanaanthropolojia na wanauchumi likiongozwa na Joseph Henrich lilibeba mchezo ule wa kugawana hadi kwenye jamii ndogo 15 duniani na kutoa matokeo mwaka 2001. Miongoni mwa jamii hizo walikuwamo Wahadzabe na Wasangu wa Tanzania, na Waorma wa Kenya.

Matokeo yalitawanyika. Wamachiguenga wa msitu wa Peru walitoa karibu robo tu, na wapokeaji karibu wote hawakususa. Wavuvi wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia, walitoa zaidi ya nusu. Kwao nyangumi mmoja huvuliwa na mashua nzima na kila kipande kina mwenyewe, kwa hiyo kugawa wamekuzoea. Kwa Wahadzabe wa kambi ndogo, ofa zilikuwa za chini na watu walikataa sana, ingawa Wahadzabe hugawana nyama kila siku. Kwao kugawana huambatana na kudaiwa, kuangaliwa na kusemwa. Mchezo wa siri ulimpa mtu nafasi ya kuepuka macho ya wenzake, naye akaitumia.

Simulizi ninayoipenda kuliko zote ni ya Waorma. Mwanaanthropolojia Jean Ensminger aliwaletea mchezo mwingine, ambamo kila mmoja anaweka fedha kwenye chungu cha pamoja, chungu kinaongezwa, kisha kinagawanywa sawa kwa wote. Hawakuhitaji maelezo marefu. Wakasema: hii ni harambee. Wakacheza kwa kanuni za harambee, yaani mwenye mifugo mingi akatoa zaidi, jambo ambalo halikuonekana kwenye mchezo wa kugawana wawili wawili. Jina moja lililotoka kwenye maisha yao liliwaambia wafanye nini.

Kwa hiyo mashine za ndani ya ubongo huenda zikafanana kwa binadamu wote, lakini kipimo cha "hapa nimepunjwa" huwekwa na mahali ulipolelewa. Yeyote anayechukua picha 20 za ubongo kutoka chuo kimoja na kutangaza "binadamu" amefanya hivi, anastahili kuulizwa: binadamu gani?

Kulipiza kisasi kuna utamu?

Kwa ubongo, kuna. Dominique de Quervain, Ernst Fehr na wenzao huko Zurich walionyesha mwaka 2004 kwamba mtu aliyesalitiwa anapopata nafasi ya kumwadhibu msaliti, sehemu ya striatamu huamka, na wale ambao iliamka zaidi walikuwa tayari kulipa zaidi kutoka mfukoni mwao ili adhabu itekelezwe. Ni sehemu ile ile ya raha niliyoitaja kwenye ushirikiano.

Jambo hilo linatisha, na pia lina kazi yake. Jamii isiyo na polisi hutegemea watu kuwa tayari kugharamika ili kumkemea mkosaji. Sarah Mathew na Robert Boyd walieleza mwaka 2011 jinsi Waturkana wa Kenya wanavyokusanya mamia ya wapiganaji wasio ndugu kwenda kuvamia mifugo bila mkuu wa kuwalazimisha. Anayekimbia au kubaki nyuma hukaripiwa, na kosa likizidi rika lake humfunga kwenye mti na kumchapa. Hapo adhabu ndiyo inayoshikilia ushirikiano, na ushirikiano wenyewe ni wa vita. Ndiyo maana siwezi kuandika ukurasa mmoja kuhusu ushirikiano na mwingine kuhusu ugomvi. Ni kamba moja.

Kutengwa na wenzako kunauma kweli, au ni msemo tu?

Kunauma kweli, ila mjadala upo kuhusu namna. Mwaka 2003 Naomi Eisenberger na wenzake waliwaweka watu kwenye MRI wakirushiana mpira wa kompyuta na "wachezaji" wawili ambao kumbe ni programu. Baada ya muda wale wawili wakaanza kurushiana wao kwa wao. Sehemu ya ubongo inayohusishwa na ubaya wa maumivu ya mwili iliamka. Wazo la mchezo lilitoka kwa Kipling Williams, ambaye alikuwa amepumzika bustanini siku moja, watu wawili wasiomjua wakamrushia kisahani chao cha kuchezea, wakarushiana naye kwa muda, kisha wakamwacha ghafla. Alishangaa jinsi alivyoumia kwa jambo dogo kiasi kile.

Miaka iliyofuata wengine walisema sehemu ile huamka pia mtu akishangazwa, na mwaka 2014 Choong-Wan Woo na wenzake wakaonyesha kwamba ukichambua kwa makini, alama ya kukataliwa na alama ya kuungua ngozi zinatofautishika. Ni majirani, hawakai chumba kimoja. Walimu naomba mlizingatie hili hata hivyo: mtoto asiyepigiwa pasi uwanjani kwa wiki nzima ana jeraha, hata kama huwezi kulifunga bandeji.

Je, oksitosini ni "homoni ya upendo"?

Jina hilo limepotosha wengi. Oksitosini husaidia kizazi kusukuma mtoto na maziwa kutoka, na inahusika na mama kumshika mtoto moyoni. Mwaka 2005 Michael Kosfeld na wenzake wa Zurich waliwapulizia wanaume homoni hiyo puani, na asilimia 45 wakamwamini mgeni kwa fedha zao zote za mchezo, ikilinganishwa na asilimia 21 ya waliopuliziwa dawa bandia. Dunia ikashangilia, na chupa zikaanza kuuzwa mtandaoni. Lakini kila kundi lilikuwa na watu 29 tu. Mwaka 2020 Carolyn Declerck na wenzake wakarudia kwa mamia ya watu, na athari ile ya jumla haikuonekana.

Kabla ya hapo, mwaka 2010, Carsten De Dreu wa Amsterdam alikwishaonyesha upande mwingine: wanaume waliopuliziwa oksitosini waliwapendelea wa kundi lao, na kundi jingine lilipokuwa tishio, walilishambulia mapema kujihami. Kwa sokwe wa msitu wa Budongo, Uganda, oksitosini iliyopimwa kwenye mkojo ilipanda baada ya kugawana chakula. Kwa sokwe wa Taï, Cote d'Ivoire, ilipanda walipojiandaa kukabili kundi jirani na wakati wa makabiliano yenyewe. Huwafunga walio ndani pamoja, na anayefungwa pamoja na ndugu zake huwa tayari pia kupigana kwa ajili yao. Chupa za mtandaoni usinunue.

Je, ukabila na ubaguzi vimo kwenye ubongo tangu kuzaliwa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, hivyo nitakaa nalo kidogo.

Amigdala ni viungo viwili vidogo, umbo la lozi, kimoja kila upande wa kichwa. Huamka mbele ya jambo la kutisha, na pia mbele ya jambo geni au lenye uzito. Mwaka 2000 Elizabeth Phelps na wenzake walikuta kwamba kwa baadhi ya Wamarekani weupe, amigdala iliamka zaidi wakitazama nyuso za watu weusi wasiowafahamu, na kuamka huko kuliendana na upendeleo wao wa siri. Magazeti yakaandika kana kwamba ubaguzi umepatikana makao yake. Wachache waliripoti sehemu ya pili ya utafiti ule ule: wakionyeshwa nyuso za watu weusi maarufu wanaopendwa, hali ile ilitoweka. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Amigdala nayo hutulia kwa inayemjua.

Miaka mitano baadaye Mary Wheeler na Susan Fiske waliwaonyesha watu nyuso kama zile, lakini wakawapa kazi: unadhani mtu huyu anapenda mboga hii au hapana? Itikio la amigdala likatoweka. Halikuhitajika somo la maadili. Kuwaza kwamba aliye mbele yako anakula, na kuna anachopenda na asichopenda, kulitosha kwa muda ule.

Jay Van Bavel na wenzake, mwaka 2008, waliwaweka washiriki kwenye timu za kubuni zenye watu weusi na weupe kwa mchanganyiko. Dakika chache baadaye amigdala iliamka kwa wenzao wa timu, awe mweusi au mweupe, maana sasa hao ndio waliokuwa na uzito. Timu iliyoundwa asubuhi ile ilifunika rangi ambayo historia ya Marekani imeijenga kwa mamia ya miaka. Na Eva Telzer na wenzake, mwaka 2013, waliripoti kwamba kwa watoto wadogo tofauti ya amigdala kwa rangi haipo. Hujitokeza wakati wa ujana, na huwa ndogo kwa vijana wenye marafiki wa mchanganyiko.

Uwezo wa kugawa watu tunazaliwa nao. Henri Tajfel, Myahudi wa Poland ambaye Wanazi waliua familia yake, aliwagawa wavulana wa Bristol kwa kisingizio cha nani amependa picha za Klee na nani za Kandinsky. Kumbe ilikuwa bahati nasibu. Wavulana walilipendelea kundi lao, na mara nyingine walikubali kundi lao lipate pungufu mradi tu lile jingine lipate pungufu zaidi. Lakini kabila, dini, rangi au chama, hayo hujazwa na watu wazima.

Kwa nini mashabiki wa Simba hufurahi Yanga ikifungwa hata na timu ya nje?

Wenzao wa Boston na New York wamepimwa. Mwaka 2011 Mina Cikara na wenzake waliwaonyesha mashabiki wa besiboli wa Red Sox na Yankees wapinzani wao wakishindwa, hata mbele ya timu ya tatu isiyowahusu. Striatamu iliamka. Waliofurahi zaidi ndio pia waliosema wangeweza kumzomea au kumpiga shabiki wa upande wa pili.

Huko Uswisi, Grit Hein na Tania Singer na wenzao walitumia mashabiki wa mpira wa miguu. Shabiki alimwona mwingine akipigwa shoti ya umeme mkononi, na angeweza kujitolea kubeba nusu ya maumivu yale. Ambaye insula yake iliamka alipomwona mwenziwe akiumia, alisaidia. Ambaye sehemu ya raha iliamka alipomwona mpinzani akiumia, hakusaidia. Huo ulikuwa mwaka 2010. Utani wa Kariakoo naupenda, nami nina upande wangu. Mpaka wake upo pale mtu anapoumia kweli na wewe ukajikuta unacheka.

Kuwaita watu wadudu kunafanya nini ubongoni?

Lasana Harris na Susan Fiske, mwaka 2006, waliwaonyesha wanafunzi picha za watu wa aina mbalimbali. Karibu kila kundi liliamsha sehemu ya mbele ya katikati ya ubongo, inayotusaidia kuwaza mwenzetu anawaza nini. Picha za wasio na makazi na watumiaji wa dawa za kulevya hazikuiamsha vivyo hivyo. Wanafunzi wale waliwatazama watu wakaona vitu. Na katika utafiti wao wa baadaye, washiriki walipoulizwa mtu huyu angependa kula nini, sehemu ile ikarudi kazini. Mboga tena.

Nchini Rwanda redio ya RTLM, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993, iliwaita Watutsi inyenzi, mende. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waliokuwa nyuma ya redio hiyo na gazeti la Kangura. Hakuna mashine iliyopima ubongo wa msikilizaji wa 1994, na sitasema neno lilishika panga lenyewe. Waliopanga mauaji walikuwa watu wenye vyeo, orodha na silaha. Lakini nikisikia kwenye kampeni yoyote ya Afrika Mashariki mgombea akiwaita watu magugu, madoadoa au kunguni, mwili wangu husisimka, kwa sababu najua ni mlango gani anaujaribu kuufunga ndani ya vichwa vya wanaomsikiliza.

Chuki iliyokwisha kuingia inaweza kutoka?

Inaweza kupungua, na tunajua baadhi ya njia.

Grit Hein na wenzake walirudi mwaka 2016 na utafiti mwingine. Waswisi waliambiwa kwamba mtu wa asili ya Balkan, kundi ambalo baadhi yao hawalipendi, ametoa fedha zake kuwaepusha wao na maumivu. Baada ya mara chache tu za kusaidiwa hivyo, insula ilianza kuitikia maumivu ya watu wa kundi lile, hata wale ambao hawakuwasaidia. Kilichofanya kazi kilikuwa kupokea wema ambao mtu hakuutegemea.

Njia ya pili hupita kwenye desturi. Betsy Levy Paluck alifuatilia kwa mwaka mzima Wanyarwanda waliosikiliza mchezo wa redio kuhusu vilima viwili vinavyogombana na kupatana, akawalinganisha na waliosikiliza mchezo wa afya. Imani za moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni kile ambacho watu waliona kinakubalika kufanywa kwao. Mwishoni kila kijiji kilizawadiwa redio kaseti na betri. Vijiji vya mchezo wa afya vilikubali upesi ikae kwa kiongozi. Vile vya mchezo wa upatanisho vilijadiliana, watu wakapingana hadharani, kisha wakaamua kuitunza wenyewe kwa pamoja.

Ya tatu tunayo nyumbani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19. Leo ni watani: Mhehe akifiwa, Mngoni hufika msibani kuleta mzaha, kudai chake na kufanya kazi ambazo wafiwa hawaziwezi. Adui wa zamani amepewa ruhusa ya kuchokoza pamoja na wajibu wa kuzika. Ningetamani sana mtu apime utani kwa mashine hizi, kwa sababu naamini babu zetu waligundua kitu.

Edward Miguel alilinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania katika utafiti wa 2004. Busia, pale makabila yalipochanganyika zaidi, michango ya shule ilipungua. Meatu haikuwa hivyo. Yeye aliuona mkono wa sera za kujenga taifa, Kiswahili kikiwemo. Wilaya mbili hazitoshi kufunga hoja, lakini mimi nimesoma shule ambayo sikujua kabila la niliyekaa naye dawati moja hadi tulipomaliza, na najua hilo halikutokea lenyewe.

Sokwe nao hupigana vita. Si ushahidi kwamba vita ni asili yetu?

Gombe, Kigoma, kati ya 1974 na 1978, Jane Goodall na wasaidizi wake walishuhudia sokwe wa Kasakela wakiwaua madume wa Kahama, ambao awali walikuwa kundi moja nao. Ni kweli. Lakini ng'ambo ya Mto Kongo wapo bonobo, jamaa wa sokwe, ndugu zetu wa karibu kiasi kile kile. Huko Kokolopori, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Liran Samuni na Martin Surbeck waliripoti mwaka 2023 kwamba bonobo wa makundi tofauti husafishana manyoya na kugawana chakula. Tukitafuta asili yetu kwa ndugu, tuwaulize wote wawili.

Naweza kumpima mchumba, mfanyakazi au mgombea kwa MRI kujua kama ni mwaminifu?

Hapana. Tafiti hizi hutoa wastani wa watu wengi. Hazisemi lolote la uhakika kuhusu mtu mmoja. Anayekuuzia kipimo hicho anakuibia.

Basi matokeo haya niyaamini kiasi gani?

Amini zaidi yaliyorudiwa na watu wengi, mahali tofauti. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samaki aliyekufa kwenye MRI, wakamwonyesha picha za binadamu na "kumuuliza" watu wale wanahisi nini. Bila marekebisho ya takwimu, ubongo wa maiti ile ulionekana kuwa na sehemu iliyoamka. Ukipima maelfu ya vijipande vya picha kwa wakati mmoja, vichache vitaonekana kuamka kwa bahati tu. Fani imejirekebisha sana tangu hapo, lakini tafiti za watu 15 au 20, zikiwemo baadhi nilizozitaja humu, zichukuliwe kama dokezo zuri linalongoja uthibitisho.

Kikoba chetu kinavunjika, watu hawarejeshi. Sayansi hii inatusaidia vipi?

Mama mmoja aliniuliza hivi akiwa ameshika daftari la michango mkononi. Nilimweleza mchezo wa Fehr na Simon Gächter wa mwaka 2002. Watu wakichangia chungu cha pamoja bila njia ya kumwajibisha mtegaji, michango huanza vizuri kisha huporomoka raundi baada ya raundi, kwa kuwa wachangiaji wazuri huchoka kuonekana wajinga. Ikiwekwa adhabu, michango hupanda. Halafu kuna onyo: mchezo huo uliporudiwa kwenye miji 16, kuanzia Boston hadi Maskati, kwenye baadhi ya miji waliochangia sana nao waliadhibiwa na wenzao.

Kwa hiyo tulianza na daftari. Lisomwe mbele ya wote kila Jumamosi, faini iwe ndogo na ya kila mtu, na anayechelewa apewe nafasi ya kueleza kabla hajasemwa. Aliniuliza kama faini imhusu pia mwenyekiti. Nikamwambia aanze naye.